PIAT, Panzerfaust au RPG-7: ipi ilimfaa zaidi askari wa miguu?

Mwalimu_Nakuru: Wadau, wanafunzi wangu wa Kidato cha Tatu wanabishana ni silaha ipi ya kupiga vifaru ilimfaa zaidi askari wa miguu: PIAT ya Waingereza, Panzerfaust ya Wajerumani au RPG-7 ya Warusi. Vifaru vilianza kupigana Flers, Ufaransa, tarehe 15 Septemba 1916. Wajerumani wakajibu kwa bunduki ya Mauser ya milimita 13.2, lakini katika Vita vya Pili vya Dunia chuma cha vifaru kilizidi unene na bunduki za aina hiyo hazikufua dafu tena. Ndipo zikaja silaha za kulipua. Chaguo langu ni Panzerfaust: nyepesi, haihitaji mafunzo marefu, ukishapiga unatupa mtutu.

Mjukuu_wa_KAR: Salamu kutoka Bungoma, Mwalimu. Mimi nasimama na PIAT ya Waingereza. Babu alikuwa Burma na KAR (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki) mwaka 1944, bonde la Kabaw. Alituonyesha jinsi ya kuikoki kwa kutumia mpini wa jembe: unaisimamisha wima, unakanyaga kitako kwa miguu yote miwili, kisha unavuta mpaka springi inase. Inataka nguvu ya kama kilo 90! Lakini haitoi moto nyuma, kwa hiyo unaweza kupigia ndani ya nyumba. Jaribu hivyo na Panzerfaust uone utakavyoungua.

Nyar_Kisumu: Na umbali je? Panzerfaust ya mwanzo ilikuwa ya mita 30. Hiyo haifiki thuluthi ya kiwanja cha mpira, na kifaru kina bunduki zake za rashasha zinakutazama. RPG-7 ya Warusi, 1961, inapiga kifaru kinachotembea kwa mita 300 hivi, na mtutu unatiwa kombora jingine. Baruti ndogo hulisukuma kwanza, injini ya roketi inawaka likiwa mita kama 10 mbele, usoni huungui. Ubaya wake ni upepo wa pembeni: roketi hugeukia kule upepo unakotoka.

Fundi_Kibuye: Naomba niweke sawa jambo moja, maana nasikia watu wengi wakisema makombora haya yanayeyusha chuma. Hapana. Ndani mna koni, mara nyingi ya shaba. Baruti ikilipuka nyuma yake, koni inakunjika na kuwa mchirizi mwembamba unaokwenda kilomita kadhaa kwa sekunde. Unapenya kwa kasi na shinikizo. Ndiyo maana Panzerfaust, japo ilikwenda polepole, ilitoboa milimita 200.

Ouadi_Doum: Mmesahau Chad. Tarehe 2 Januari 1987 huko Fada, askari wa Chad waliokuwa kwenye Toyota wakiwa na makombora ya MILAN ya kupiga vifaru waliviteketeza vifaru vya T-55 vya Libya. MILAN inaongozwa kwa waya hadi kilomita 2.

Mwalimu_Nakuru: MILAN ni kali, ndugu yangu, ila inataka stendi na mtu aliyefunzwa vizuri kuliongoza kombora hadi ligonge. Swali langu ni la askari na bega lake.

Nyar_Kisumu: Basi kwa bega, RPG-7. Mtutu wake una kilo 7 hivi, PIAT ina 15 kabla hujabeba bomu hata moja.

Mjukuu_wa_KAR: Uzito nakubali, dada. Ila ukiwa umezingirwa ndani ya chumba, mimi nipe PIAT.