Naomba ushauri: hili neno "rom" nilitafsirije kwa Kiswahili?

MamaNeema_Malmö: Habari zenu wapendwa. Nipo Malmö huku Sweden, shule ya wanangu wameniomba niwatafsirie mwaliko wa tarehe 8 Aprili, siku ya Waroma duniani (ile jamii ya wachache iliyotawanyika nchi nyingi za Ulaya), uende kwa wazazi wanaoongea Kiswahili, wengi wao wametoka Kongo na Burundi. Kuna mwanafunzi anajitambulisha "jag är rom", programu ya simu imenipa "mimi ni ramu" jamani! Mdogo wangu yuko Copenhagen, Denmark, ng'ambo ya daraja anasema kwao rom ni pombe basi. Nikiandika Mrumi itafaa? Sitaki mtoto wa watu aandikwe vibaya siku yake.

Fundi_Bomba: Mrumi hapana dada, mtu akisoma atafikiria Waraka wa Paulo.

Kaka_wa_Kalix: Kiswidi rom ni maneno matatu. Kuna ramu, kuna mayai ya samaki (huku kwetu löjrom ndo sifa ya mji, yana rangi ya chungwa, yanaliwa juu ya mkate na kitunguu na krimu chachu), halafu kuna mtu wa jamii ya Waroma. Angalia neno likiongezewa mkia, pombe na mayai yote yanakuwa rommen m mbili, mtu ni romen m moja, wengi romer. Na mtu anatamkwa kwa kuvuta, karibu na "ruum".

Nyboda: Mdogo wako yuko sahihi, Kidenmaki rom ni ramu, mayai ya samaki tunaita rogn, na watu wenyewe magazeti mengi huandika roma. Ila yale ya zamani, sigøjner na zigenare la Kiswidi, usiyaguse, kwa wengi wao ni matusi.

Bi_Zuhura: Mwanangu, nimefanya kazi na mama mmoja Mroma miaka mingi. Kwenye lugha yao rom ni mwanamume wa kwao, na ndo hilohilo mume, mke ni romni, wakiwa wengi ni roma. Kwa hiyo andika Mroma, Waroma, lugha Kiromani, na pale mwanzo kabisa weka "watu wa jamii ya Roma, siyo wa mji wa Roma" maana mzazi anaweza kudhani ni Waitaliano. Sweden iliwafungia hawa watu mlango wa kuhamia toka 1914 mpaka 1954, wakaja kutambuliwa kama jamii ya wachache mwaka 2000, ndo maana jina lao wanalichunga. Halafu wapo wanaojiita resande (yaani wasafiri) au kaale (wenye asili ya Finland) na hawapendi kuitwa vingine, muulize huyo mtoto na wazazi wake kabla hujachapa.

MamaNeema_Malmö: Asante sana shangazi, asanteni wote. Kesho asubuhi nampigia mwalimu aniunganishe na mama yake.

Kaka_wa_Kalix: Na kama utausoma mwaliko kwa maiki, usisahau kuvuta hiyo o.