Ghala la ramani: chini ya ardhi au ghorofani?

MchoraMistari: Wakuu habari zenu. Nachora mawazo ya awali ya jengo la kuhifadhi ramani za zamani. Nina mawili: ghala chini ya ardhi na wasomaji juu yake, au wasomaji chini na ghala ghorofani. Mteja anataka kuona kitu Ijumaa. Lipi?

Kibao_T: Ni wapi? Ramani ngapi? Zimelazwa au zimeviringishwa? Au tukupigie ramli?

MchoraMistari: Samahani. Tanga, bahari naiona dirishani. Karatasi kama 9,000, nyingi zimeviringishwa.

BiNyaraka: Chini ya ardhi, Tanga? Thubutu! Nilifanya kazi ofisi moja, stoo iko chini na bomba la choo limepita darini. Jumatatu moja tunafungua, maji yamefika droo ya pili. Ramani zimegandana kama chapati zilizolala. Ukibandua moja, wino unabaki kwenye mgongo wa mwenzake. Tulitandaza sakafuni, feni mchana kutwa. Siku ya tatu ukungu wa kijani. Bomba la maji lisipite juu ya ghala, basi.

MzeeChokaa: Ghorofani nako jua la paa. Jenga kuta nene, plasta ya chokaa, madirisha madogo kaskazini na kusini. AC umeme ukikatika, unyevu unapanda na kushuka, karatasi inachoka. Hifadhi ya nyaraka ya mji wa Köln, Ujerumani, ya 1971 ilitegemea kuta nene badala ya mitambo.

Kibao_T: Mzee, hiyo si ndiyo iliyoporomoka 2009?

MzeeChokaa: Iliponzwa na ujenzi wa reli ya chini ya ardhi pembeni yake. Kuta hazikuwa na kosa!

Kibao_T: Kuanguka ni kuanguka.

BiNyaraka: Mkimaliza ya Ujerumani, rudini Tanga. Kama kuna nakala za ozalidi, zile zenye harufu ya amonia, zipewe chumba chao. Zinachafua nyingine.

Nondo16: Nani kamuuliza mhandisi uzito? Makabati ya chuma yaliyojaa karatasi si vitanda vya gesti. Ukiweka ghorofani, slabu na nguzo zihesabiwe kwa mzigo huo toka sasa. Mimi ningeweka ghala usawa wa chini, sakafu imeinuliwa, na dawa ya mchwa kabla ya zege.

MchoraMistari: Hilo la tatu sikuliwaza. Ila mteja kashapenda ghorofa. Ngazi nimeipa upana wa mita 1.2, na karatasi ya A0 peke yake ni milimita 841 kwa 1,189. Kabati lake litakata kona?