Eti "umesimama moyoni"! Yule afande wa kona kaniandikia faini ya STOP

Wakuu, naandika huku natetemeka, herufi zikipinda mnisamehe. Yule afande wa pale kona, mnamjua, anayejibanza nyuma ya mti kama anawinda swala, leo kanidaka. Kosa eti sikusimama kwenye STOP. Nilisimama! Nikacheki kushoto, nikacheki kulia, ningekaa zaidi ningeota mizizi. Namwambia, "Afande, mbona nimesimama?" Akanitazama juu ya miwani, akalamba kidole, akafungua ukurasa mpya wa kitabu chake, kisha taratibu: "Umesimama moyoni. Matairi hayana habari."

Matairi hayana habari! Na kiti cha nyuma yuko mama mkwe. Kacheka mpaka kapaliwa. Miaka yote hajawahi kucheka nikiongea mimi.

Halafu kibao chenyewe tawi limekifunika, zinaonekana pembe tatu tu. UMESIMAMA MOYONI! Mtu mzima naambiwa hivyo!

Gia Tano: Pembe tatu zinatosha, mkuu. Marekani walikipa pembe nane tangu 1923 ili dereva akijue kwa umbo tu, hata asiposoma. Na hadi 1954 kwao kilikuwa cha njano.

Klachi Imeungua: Mwalimu wa historia kashafika, toeni madaftari.

Gia Tano: Cheka tu. Mleta uzi, uliondoka na gia namba ngapi?

Mleta uzi: Ya pili. Ila mguu ulikuwa kwenye breki!

Gia Tano: 😂😂 Gia ya pili! Aliyesimama kweli huanza na moja. Lipa ukalale.

Klachi Imeungua: "Umesimama moyoni" naibandika kwenye bampa kesho.

Dada Usukani: Mwacheni kaka wa watu. Mimi huyohuyo alikiri nimesimama, ila nimepita mstari. Mstari upi? Umefutika, labda auone kwa ramli. Kaka, usilipe kwanza, sehemu nyingi ukilipa ndio umekiri. Rudi ukapige picha ya hilo tawi, ukiwa umekaa kwenye kiti cha dereva.

Mleta uzi: Nimetoka huko sasa hivi. Tawi limekatwa. Majani bado mabichi, yako chini ya nguzo.

Klachi Imeungua: Afande hana moyo, ana panga 😂

Njia Panda: Afadhali wewe umeandikiwa. Mimi nikisimama STOP, wa nyuma ananipigia honi kama nimemzuia leba.

Dada Usukani: Hao wa honi ndio haohao wanaokata kona bila indiketa!

Njia Panda: Na taa kali usiku, unamkonyeza azishushe, anaongeza.

Mleta uzi: Jamani, turudi kwenye mada.

Gia Tano: Ipi, ya taa?

Dada Usukani: Ya taa. Juzi mmoja kanimulika mpaka nikaona mifupa ya mkono wangu...