Tupeane uzoefu: mnyama adimu uliyekutana naye bila kutarajia

Wakuu, naanza mimi. Nilikuwa natoka shamba usiku, kwa miguu, tochi mkononi. Mbele yangu kiumbe kidogo kinatembea kwa miguu ya nyuma, mikono ameikunja kifuani kama mtu anayesikia baridi. Kakakuona! Mwanga ulipompata akajiviringisha pale pale, kichwa ndani, mkia juu yake, nikabaki natazama mpira wa magamba.

Nikazima tochi, nikachuchumaa kando ya njia. Ilichukua muda mrefu. Kwanza nikasikia magamba yakisuguana, kisha pua ikachungulia, akajikunjua na kuingia kwenye nyasi. Moyo ulinienda mbio hadi nyumbani.

Kinachoniuma ni hiki: kujiviringisha kunamwokoa kwa simba na chui, lakini kwa binadamu ndiko kunakommaliza, maana anaokotwa tu kama nazi. Na anauawa kwa ajili ya magamba ambayo asili yake ni ile ile ya kucha zetu. Mwaka 2016 nchi zilikubaliana kufunga biashara ya kimataifa ya aina zote 8 za kakakuona, na bado anawindwa. Anazaa mtoto mmoja mmoja, kwa hiyo kila anayeuawa ni pengo kubwa.

Haya, na nyie leteni.

Mchangiaji wa 2: Mimi nilikutana na muhanga, yule mnyama mla mchwa. Miaka nenda rudi tuliona mashimo mapya kila asubuhi tukawa tunamlaumu nungunungu. Siku moja nimewahi kabla hakujapambazuka, nikasikia udongo unarushwa. Masikio marefu kama ya punda, pua kama ya nguruwe, mkia mnene. Alikuwa anafukua kichuguu akila mchwa, hana habari na mimi. Nadhani upepo ulikuwa unanijia kutoka kwake. Jamani, mashimo yake msiyafukie kama hayawaharibii kitu. Akihama, ngiri na nungunungu wanayafanya nyumba.

Mchangiaji wa 3: Mbwa mwitu, watano. Nilidhani mbwa wa jirani wametoroka hadi nilipoona yale masikio ya mviringo. Wakanitazama, wakaondoka kwa mwendo wao wa pole. Hakuna wawili waliofanana madoa.

Mchangiaji wa 4: Mleta mada, picha ya kakakuona unayo? Na ni eneo gani hasa?

Mleta mada: Picha sikupiga mkuu, mwanga ungemtesa zaidi. Eneo sitalitaja, na nawaomba wote mfanye hivyo hivyo. Majangili nao wanasoma. Mkiona mnyama wa namna hii, taarifa mpeni askari wa wanyamapori, msiiweke hadharani.

Mchangiaji wa 3: Umesema kweli. Nimefuta jina la kijiji kwenye maelezo yangu.

Mchangiaji wa 5: Mondo, yule paka wa porini, mchana kweupe, majani marefu. Aliruka juu wima, akatua na panya miguuni. Nimerudi pale mara nyingi, sijamwona tena.