Nataka kuwapeleka wazazi baharini kwa boti ya kukodi, naomba ushauri kabla sijatuma pesa

Binti_Katuba (Lubumbashi)

Wandugu, habari za leo. Mwezi wa pili mwakani wazazi wetu wanatimiza miaka 40 ya ndoa. Tumechanga watoto wanne ili tuwape safari ambayo hawajawahi hata kuiota. Baba ni Muyeke, amefundisha historia sekondari miaka 31. Mbele ya darasa alikuwa anachora ubaoni njia za misafara ya pembe na shaba, kutoka Bunkeya, makao ya Msiri, mfalme wetu Wayeke, hadi pwani, na mwisho wa mstari anaweka mawimbi matatu ya chaki. Bahari yenyewe hajaiona mpaka leo.

Dalali mmoja ametupa bei ya katamarani (boti pana ya matanga yenye matumbo mawili) yenye nahodha, baharia na mpishi, chombo kizima kwa siku 7: Unguja, Mafia, Kilwa na kurudi. Tuko 8, wawili ni watoto wa miaka 5 na 9. Dola 9,800. Chini kabisa ya karatasi, kwa herufi ndogo, pameandikwa mafuta, chakula na ada za hifadhi ni juu ya mteja. Anataka nusu wiki hii, kwa namba ya simu yake.

Mama anaogopa maji. Anasema atakwenda kwa sababu ya Baba, lakini namuona usiku hapati usingizi. Nifanye nini?

Dereva_wa_Tunduma

Dada, hongera kwa wazo hilo. Mimi napeleka shaba Dar mwaka wa nane sasa. Usithubutu kuwapitisha wazee barabarani. Foleni ya mpaka wa Kasumbalesa peke yake itawamaliza, na mpaka wa Nakonde bado uko mbele. Panda nao ndege. Na kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano kila mtu awe nayo mkononi, maana sisi tunaotoka Kongo wanatuuliza.

Mpishi_wa_Malindi (mzaliwa wa Bukavu, yuko Unguja)

Dada yangu, usitume hata dola moja bado. Nimepika kwenye boti za wageni miaka tisa, acha nikueleze.

Kwanza umbali. Unguja hadi Kilwa ni maili za bahari zaidi ya 160. Katamarani iliyobeba watu na mizigo inakwenda maili sita, saba kwa saa. Kwenda na kurudi ni zaidi ya saa 50 za kuwa mwendoni, na sehemu kubwa itakuwa usiku, bahari wazi. Vijana wataona raha. Mama anayeogopa maji, usiku wa kwanza tu atakuwa amekaa chini amekumbatia nguzo ya meza, sufuria zinagongana jikoni, hakuna anayekula nilichopika. Nimeliona hilo mara nyingi.

Pili upepo. Mwezi wa pili ni kaskazi, unavuma kutoka kaskazini mashariki. Kwenda kusini unakusukuma vizuri. Kurudi unakupiga usoni, matanga hayasaidii, nahodha anawasha injini, na mafuta umeambiwa ni yako! Hiyo herufi ndogo ndiyo bei yenyewe. Mwambie aandike jumla: mafuta, chakula, maji ya kunywa, ada, na bakshishi mnayotegemewa kutoa.

Tatu pesa. Malipo ya awali ya nusu ni kawaida katika kazi hii, si ajabu. Ajabu ni kulipa kwa simu ya mtu binafsi bila mkataba. Dai mkataba wenye jina la chombo na namba yake ya usajili, cheti cha bima, na sharti la kurudishiwa pesa kama chombo kikiharibika au hali ya hewa ikizuia. Omba pia video fupi, nahodha akiwa ndani ya chombo hichohicho. Mwenye chombo kweli hatakasirika.

Mama_wa_Himbi (Goma)

Mwanangu, jaketi za kuokolea. Uliza kama wanazo za mtoto wa miaka 5, maana ya mtu mzima inamtoka kichwani akiingia majini. Sisi wa Goma bado tunalia na Oktoba 2024, boti ilipozama ziwani Kivu karibu na bandari ya Kituku watu wakiwa wanaona nchi kavu. Wavae tangu wanapopanda, na huyo mama yako avae hata akiwa ameketi. Atatulia.

Mwalimu_Likasi

Naomba niseme la mzee mwenzangu. Kilwa ni pazuri mno: Ibn Battuta alifika mwaka 1331, dhahabu ya Sofala ilipitia hapo, na jumba la kale la Husuni Kubwa lina bwawa la pembe nane juu ya jabali. Lakini si mwisho wa ule mstari wa chaki. Misafara mingi iliyotoka kwetu kuelekea pwani ya mashariki ilishukia Bagamoyo. Na kikosi cha Kapteni Stairs, aliyetumwa kwa ajili ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji, kilichomuua Msiri Desemba 1891, kilianzia safari yake Bagamoyo hapohapo. Kwa Muyeke, huko ndiko kwenye maana. Halafu Unguja kuna nyumba ya Tippu Tip, yule mfanyabiashara wa pembe na watumwa, Shangani, na kanisa la Mkunazini lililojengwa palipokuwa soko la watumwa.

Mpishi_wa_Malindi

Mwalimu amenipiku. Unguja hadi Bagamoyo ni maili 24 tu, mnaondoka asubuhi baada ya chai, mnafika kabla ya chakula cha mchana, upepo mgongoni. Chukua siku 4, mlale mkiwa mmetia nanga mahali palipotulia.

Ila jambo moja. Bagamoyo maji ni mafupi sana. Chombo kinabaki mbali, mnashuka kwa kidau, na hatua za mwisho ni kutembea majini. Wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, yakipwa, bahari inarudi nyuma mpaka unaona mchanga na matope tu. Chagueni siku za maji mafu, yasiyojaa wala kupwa sana, mfike yakiwa yanajaa. Wazee wavae viatu vya mpira, suruali ikunjwe magotini.

Binti_Katuba

Asanteni, nimesoma yote kwa sauti mbele ya ndugu zangu. Dalali nimemwomba mkataba, akaniambia nafasi itachukuliwa na wengine. Nimemwacha. Kupitia mtu wa Unguja tumepata mwenye chombo aliyetuma usajili, bima na video, jaketi za watoto zikiwa zimening'inia nyuma ya nahodha. Siku 4, kila kitu ndani, dola 6,400.

Jana nimemwambia Baba kwamba ni Bagamoyo. Alinyamaza, kisha akaenda kutoa atlasi yake ya zamani kabatini. Mama amenituma soko la Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi, nimtafutie viatu vya mpira, saizi 38, na vya Baba 43.