Sarafu yenye tundu na msalaba shingoni: filamu hii inaonyesha mwaka 1914 kweli?

Mkazi wa Kirumba:
Wakuu, salaam kutoka Mwanza. Tuna kikundi kidogo cha wapenzi wa filamu za zamani, na hivi karibuni tuliangalia moja ya rangi nyeusi na nyeupe, iliyotengenezwa miaka ya 1950, ambayo hadithi yake inatokea katika koloni la Wajerumani la Afrika Mashariki vita vya mwaka 1914 vinapoanza. Katika tukio moja mpagazi analipwa sarafu yenye tundu katikati, na afisa wa Kijerumani anayemlipa amevaa msalaba mweusi shingoni. Mwenzetu mmoja, aliyerithi kopo la sarafu za kale kutoka kwa babu yake, alisema papo hapo kwamba vyote viwili si vya wakati ule. Wengine tulimpinga, kwa kuwa sarafu zenye tundu zilikuwapo huku tangu enzi za Mjerumani. Je, jambo hili linaweza kuamuliwa kwa kutazama picha yenyewe?

Mzee wa Nyegezi:
Ndugu yangu, tundu peke yake halithibitishi lolote. Wajerumani walitoa sarafu ya heller 10 (heller ni senti ya rupia yao) yenye tundu kuanzia mwaka 1908, na ya heller 5 yenye tundu mwaka 1913. Lakini Waingereza nao, ng'ambo ya ziwa hili hili, walikuwa na senti zenye tundu katika himaya zao za Afrika Mashariki na Uganda kabla ya vita. Taji nalo lisiwadanganye, kwa maana lipo kwenye sarafu za pande zote mbili. Simamisheni picha mahali sarafu inapoonekana vizuri zaidi, mtafute pembe za ndovu zilizopinda kulizunguka tundu. Zikiwapo, sarafu ni ya Waingereza, na haikuwa na sababu ya kutoka mfukoni mwa afisa wa Kijerumani. Msijisumbue kusoma mwaka, kwa kuwa katika filamu hausomeki, na pembe hizo ziliendelea kuwekwa kwenye senti hadi utawala wa Malkia Elizabeth II. Maana yake ni kwamba aliyetafuta vifaa vya filamu katika miaka ya 1950 angeweza kuipata senti kumi ya namna hiyo kwa muuza ndizi yeyote wa Kampala au Nairobi.

Laiti mpagazi angelipwa rupia ya fedha, kazi ingekuwa nyepesi. Rupia ya Wajerumani ina Kaisari Wilhelm II aliyevaa kofia ya chuma yenye tai juu yake, na sioni namna ya kuichanganya na nyingine. Mkiona sarafu ya dhahabu yenye tembo mbele ya mlima, hiyo ni rupia 15 iliyopigwa Tabora mwaka 1916, wakati koloni limezingirwa, kwa hiyo haiwezi kuwamo katika hadithi ya mwaka 1914. Sikilizeni na mazungumzo pia: tangu mwaka 1904 rupia moja iligawanywa katika heller 100, ilhali kabla ya hapo ilikuwa pesa 64, na shilingi ya Afrika Mashariki haikuja mpaka mwaka 1921.

Fundi Picha, Bukoba:
Shikamoo Mzee wa Nyegezi. Nami niongeze kuhusu nishani, kwa sababu hapo ndipo kosa lilipo wazi zaidi. Msalaba wa Chuma, nishani ya vita ya Wajerumani, ulirudishwa kwa amri ya tarehe 5 Agosti 1914, kwa hiyo katika siku za mwanzo za vita hakuna afisa wa koloni ambaye angeweza kuwa nao. Hata baadaye, daraja la pili lilivaliwa kwa utepe kwenye tundu la kifungo cha koti, na daraja la kwanza lilibanwa kifuani upande wa kushoto bila utepe. Wa kuvaliwa shingoni ulikuwa Msalaba Mkuu, uliotolewa kwa majemadari wachache mno. Msalaba wa shingoni ambao watengenezaji wa filamu wameuzoea ni Ritterkreuz, daraja la Msalaba wa Chuma la vita vya pili vya dunia, nao ulianzishwa Septemba 1939.

Utepe hautawasaidia katika filamu ya rangi nyeusi na nyeupe. Ule wa 1914 ni mweusi wenye mistari myeupe, na ule wa 1939 una wekundu katikati, lakini wekundu huo kwenye picha huonekana kama kijivu kizito, hivyo tepe hizo mbili hukaribia kufanana. Katika filamu za kimya hali ni mbaya zaidi, kwa kuwa mkanda wa zamani haukuhisi rangi nyekundu kabisa, ukaionyesha kama nyeusi, na buluu ikawa karibu nyeupe. Utazameni msalaba wenyewe: wa 1914 una taji juu, herufi W katikati na mwaka chini, wa 1939 una swastika katikati.

Binti Ukerewe:
Mimi naona mnaibana mno filamu. Katika *The African Queen* ya mwaka 1951, meli ya kivita ya Wajerumani iliigizwa na tishari la mvuke lililoitwa Buganda, ambalo lilikuwa likifanya kazi katika Ziwa Victoria letu, na watazamaji waliikubali. Kinachonikera mimi ni askari Waafrika kuonyeshwa vifuani bila nishani yoyote. Askari wa King's African Rifles, jeshi la Waafrika chini ya Waingereza, mwaka 1914 angeweza kabisa kuvaa nishani ya utumishi wa Afrika ya mwaka 1902, yenye utepe wa njano, kingo nyeusi na mistari miwili myembamba ya kijani. Badala yake wakuu wao Waingereza ndio hupambwa, wakati mwingine hata kwa Nishani ya Ushindi, ambayo ilianzishwa mwaka 1919.

Mkazi wa Kirumba:
Nawashukuru nyote. Tumesimamisha picha: pembe zinaonekana, tena bila shaka. Kuhusu msalaba, kuna anayedai kwamba huenda ni Pour le Mérite, nishani nyingine ya Kijerumani, ambayo Jenerali von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani katika koloni hili, alipewa mwaka 1916.

Fundi Picha, Bukoba:
Pour le Mérite huvaliwa shingoni kweli, na ilikuwapo tangu mwaka 1740, lakini ni msalaba wa buluu ambao ncha za mikono yake zimegawanyika, na kila pembe kati ya mikono ina tai. Ninyi mmesema msalaba ni mweusi. Kama mikono yake inapanuka kuelekea nje, ukingo unang'aa na hakuna tai, basi hiyo ni Ritterkreuz iliyoazimwa kutoka kwenye sare za filamu za vita vya pili.