Naombeni ushauri: kupaka rangi vijisanamu vya gemu la mezani, niko Kigoma

MwangaCentre
Wakuu habari za muda huu. Niko Kigoma mjini, pande za Mwanga, tuna kikundi chetu cha washkaji tunacheza Dungeons & Dragons wikiendi, lile gemu la dadu na hadithi la Wamarekani toka 1974, mmoja anasimulia wengine ndo wahusika. Mpaka saivi wahusika wetu ni vizibo vya soda. Sasa kuna mzungu alikuwa anafanya kazi na wakimbizi huko Kasulu, mkataba umeisha kaniachia boksi la vijisanamu vya plastiki ya kijivu, vingine bado vimeshikamana kwenye fremu zake. Kuna mazimwi, mifupa inayotembea, wapiga upinde, mmoja kapanda mbwa mwitu, kila kimoja sentimita tatu hivi.

Nataka nivipake rangi, na viwili vitatu nivigeuze viwe vya kwetu, mmoja awe mvuvi wa ziwa, mwingine rugaruga, askari wa Mtemi Mirambo. YouTube kila mtu nunua Citadel, nunua Vallejo, zile rangi maalum za vijisanamu. Huku hardware kuna rangi ya mafuta, rangi ya maji na spreyi za pikipiki, steshenari kuna rangi za posta za watoto na akriliki za tyubu. Kipi kinafaa na kipi niagize Dar? Na mvua ndo hizi zimeanza. Natanguliza shukrani.

Kifutu
Mtu mzima na midoli. Haya ngoja waje wataalamu.

MwangaCentre
@Kifutu mkuu we kila Jumamosi unaangalia watu 22 wanagombea mpira mmoja, mbona hatusemi.

FundiMsasa
Chief rangi ya mafuta sahau kabisa, ni nzito, inachukua siku kukauka na inajaa kwenye macho, vidole na mikunjo ya nguo, mwisho zimwi lako linabaki halina sura. Rangi ya kucha nayo usijaribu maana ile dawa yake inakula plastiki. Posta za watoto zinapaka vizuri tu ila zikiguswa na maji zinayeyuka upya, na gemu ni kitu cha kushikwashikwa na vidole vya jasho. Chukua zile akriliki za tyubu, zikishakauka hazirudi kuwa maji. Siri ni kuzilegeza kwa maji, tabaka jembamba, liache likauke, tena lingine. Tabaka mbili tatu nyembamba ni bora kuliko moja nene, hapo hata hao wenye Citadel wanasema hivyohivyo.

Kabla ya rangi: kata kwenye fremu, kwangua kwa wembe ile mistari iliyobaki pale moldi zilipokutana (ukiiacha itaonekana zaidi ukishapaka), osha na mswaki wa zamani na maji ya sabuni, kausha. Halafu praima, ile rangi ya kwanza ya kushikia rangi nyingine. Ya spreyi ya magari inafanya kazi kwenye plastiki ngumu ila kwa kupitisha haraka haraka, umbali wa sentimita 20 mpaka 30, ukimwaga nyingi dawa yake inalainisha plastiki. Kama kijisanamu kinapindika kama mpira hiyo ni aina nyingine ya plastiki, spreyi inaweza ikabaki inanata wiki nzima, hicho paka praima ya brashi. Usiende kwa kubahatisha, hizo fremu zilizobaki ndo za kujaribia, usizitupe.

Kasimbo_boy
Mi natofautiana na fundi kidogo, rangi ya maji ya ukutani natumia kwenye vibao vya chini vya kusimamishia vijisanamu na kwenye mawe, haijawahi kunitupa. Ila kwenye uso hapana, ni nzito.

Kuhusu mvua, spreyi usipige hewa ikiwa na unyevu, inatoka unga unga mweupe. Subiri siku iliyokauka, peleka nje, vaa barakoa.

BintiUnyanyembe
Nipo Tabora, nimeona rugaruga nikasema hapa sipiti. Hawa jamaa wanatajwa sana kwa nguo nyekundu, manyoya kichwani, bangili za pembe za ndovu na gobore. Mirambo amefariki 1884 kwahiyo bunduki za kisasa usimpe tafadhali. Mchukue huyo mpiga upinde, toa upinde, mtutu tengeneza na kipande cha sindano, kitako chonga kwenye kijiti cha meno, gundisha na supaglu. Shuka la begani ni tishu, loweka kwenye gundi ya mbao iliyolegezwa na maji, lipange mikunjo likiwa bichi, likikauka linakaa hivyohivyo unapaka nyekundu. Manyoya na bangili finyanga na epoksi ya kuchanganya, ile ya sehemu mbili, kidole kikiwa na maji isinate.

Sasa kitu ambacho huko YouTube hukutani nacho sana: ngozi. Video nyingi zinafundisha ngozi ya mzungu, wewe ukifuata mtindo ule wa kuongeza nyeupe ili kupata sehemu zenye mwanga, rugaruga wako anatoka kama hajapaka mafuta toka Jumatatu. Anza na kahawia nzito, kivulini ongeza bluu au zambarau kidogo, kwenye mwanga (paji la uso, pua, mashavu, mabega) nenda kwenye kahawia ya machungwa, nyeupe iguse mwisho kabisa nukta tu. Na watu hawalingani, mmoja mpe wekundu, mwingine weusi wa bluu, ndo wanapendeza wakikaa pamoja mezani.

MwangaCentre
Dada @BintiUnyanyembe hapo kwenye ngozi umenimaliza, ndo nilikuwa nataka kuchanganya na nyeupe. Na mvuvi je?

BintiUnyanyembe
Wavu kata kwenye chandarua kilichochakaa, matundu yake yanafaa kabisa kwa saizi hiyo. Mpe karabai, maana dagaa huko si mnavua usiku? Upande wote unaotazama taa gusa njano hafifu kwa brashi karibu kavu, uso, kifua, ukingo wa mtumbwi, upande wa nyuma uache giza. Hapo hata Kifutu ataomba kucheza.

Kasimbo_boy
Mchanga wa kibao cha chini unao bure ufukweni Katonga, chekecha na chujio la chai, gundi ya mbao, umemaliza.

FundiMsasa
Cha kuagiza Dar ni brashi nzuri namba 1 na vanishi isiyong'aa. Usikimbilie brashi ya 000, inabeba rangi kidogo mno, inakauka kabla haijafika. Na kwa joto la huko weka sponji yenye maji kwenye mfuniko wa kontena, juu karatasi ya kuokea, rangi ichanganyie hapo, itakaa bichi muda mrefu. Anza na mifupa: praima nyeupe, kahawia iliyolegezwa sana imwagie iingie kwenye mapengo, ikikauka pitisha nyeupe na brashi kavu juu juu. Jioni moja kikosi kizima.

Kifutu
Sasa nauliza serious, mnachezea wapi? Mi niko Gungu.

MwangaCentre
😂😂 Njoo PM mkuu. Mbwa mwitu hana mpandaji mpaka sasa hivi.